Corolla ya Mjomba Iko Uzazini

Jumatatu, 9 Juni
Oya mwamba wangu unayesoma haya, shika siti. Injini imewaka! Corolla kuukuu ya Mjomba Uwesu, ovaholi nimefanya mwenyewe, mwalimu wangu video za simu. Ndani nimeweka kamshafti ya mashindano, ile yenye nundu ndefu za kusukuma valvu. Mjomba yuko Tanga. Kasema Jumamosi tunapanda nayo vilima vya Ngaramtoni. Ikipanda vizuri, ufunguo wa gereji yake hapa Sokon One ni wangu. Ikigoma, anampa Oscar, fundi wa ng'ambo ya barabara. Oscar! Mtu anayepiga pasi ovaroli!

Huyo huyo kaja kunusa. Eti dogo, kamshafti mpya ikiwaka usiiache silensa, inguruma yenyewe bila kukanyagwa. Kanyaga, mshale wa mizunguko ukae elfu mbili, dakika ishirini, ndio oili irukie nundu vizuri. Nimecheka moyoni. Anataka niipasue! Dada Rukaiya kajifungua juzi. Kuna mtu anamkimbiza? Kalala, analetewa mtori. Injini nayo imetoka kufunguliwa tumbo. Nimeiacha silensa kutwa nzima, inakoroma polepole, blanketi juu ya boneti. Baridi ya Juni hii!

Jumanne
Tik tik tik. Kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria. Sielewi. Nimeongeza blanketi. Rukaiya anauliza la mtoto liko wapi. Nimesema sijui.

Jumatano
Inakohoa. Nimeinama kuangalia, moto ukarudi kwenye kabureta. Nyusi moja imeenda. Nimefungua injini. Oili inametameta kama gauni la bibi harusi. Unga wa chuma! Nundu mbili zimelala flati kabisa. Kamshafti ya juzi!

Mbio hadi kwa Muzammil, muuza spea. Nimemwambia kaniuzia bati. Akasema yangu na ya Oscar zimetoka boksi moja, na ya Oscar inapanda milima ikiimba. Akauliza niliiwashaje. Nikasema kwa upendo. Kaniangalia sana. Mwisho kanipa nyingine na tapeti zake, vile vikombe vinavyosukumwa na nundu, akasema chukua uondoke mwanangu, unanifukuzia wateja.

Njiani nikawaza. Boksi moja. Yake nzima, yangu imeisha. Jibu liko wazi: Oscar kanitilia mchanga!

Alhamisi
Kutwa nafunga kamshafti mpya. Mlango wa gereji una minyororo miwili. Hata mimi imenisumbua kutoka.

Ijumaa
Nimewasha. Silensa, asubuhi mpaka jioni, na sijabanduka. Oscar anapiga kelele toka ng'ambo: Sele, kanyaga! Kanyaga bwana, unaiua! Uso una huruma mpaka unataka kumwamini. Mwigizaji yule.

Jioni: tik tik tik.

Dah. Sielewi kabisa. Mchanga umepitaje kwenye minyororo?

Jumamosi
Shikamoo Mjomba. Marahaba. Kakaa mbele, kanzu nyeupe, marashi. Nimemwambia ajishikilie, hii ni gari ya mashindano. Kilima cha kwanza, puh! Cha kwanza hicho hicho, puh tena, ikazima. Punda wawili wenye madumu wakatupita. Mama aliyekuwa akiwaswaga akauliza kama tunataka kufungwa kamba.

Mjomba kauliza taratibu, Sele, umelifanya nini gari langu? Nikamweleza mambo ya uzazi. Akauliza kama na mtori niliipa. Akampigia Oscar aje kutuvuta.

Ufunguo kapewa Oscar. Mbele yangu! Mimi niwe chini yake, nikajifunze. Nimelia kidogo. Nyusi imeuma.

Jumatatu, 16 Juni
Siku ya kwanza chini ya Oscar. Kafunga kamshafti ya tatu mwenyewe. Kawasha, kaukalisha mguu wangu kwenye pedali, elfu mbili. Kasema usiutoe, dogo, naenda kumwita mjomba wako. Ukiweza hii tu, namwomba ufunguo tushike wote wawili.

Naandikia juu ya usukani. Mwamba, injini inalia! Inatetemeka mwili mzima, na imezaliwa sasa hivi. Hivi Oscar hana mama? Nimechungulia mlangoni. Hakuna mtu.

Nimeinua mguu. Kidogo tu. Sikiliza ilivyotulia, inakoroma kama kichanga.

Hebu niambie, ungekuwa wewe, ungeendelea kuikanyaga?