Madam Hana Njaa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepita tena katikati ya mji wa Migori na ndoo ya makombo kutoka hoteli ya Asiya. Asiya hutupatia mabaki bure, ila ameomba tusimtaje nguruwe mbele yake. Humwita "mgeni wenu". Jirani yangu Zablon, naye mfugaji wa nguruwe, aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimeajiriwa kuosha sufuria. Aibu! Lakini Bochaberi, mke wangu, amesema Madam, nguruwe wetu, akinenepa tutamuuza, binti yetu Kemuma arudi chuo cha uuguzi Homa Bay mwezi wa tisa. Basi nabeba.

Jumatano, 4 Juni
Suluhisho! Wangwe, niliyesoma naye sekondari, yuko maabara ya utafiti wa mifugo. Wana chanjo ya majaribio. Tumbo hutoa homoni ya kuita chakula. Chanjo huufundisha mwili kuipiga vita. Nikawaza: nguruwe asiyehisi njaa hahitaji ndoo. Atanenepa kwa amani. Wangwe akasema mnyama asiyekula hakui. Nikamkumbusha ni nani aliyeongoza darasa kwa Biolojia. Nilimbembeleza mpaka akanipa. Sindano ya kwanza tayari. Bochaberi hajui.

Alhamisi, 26 Juni
Sindano ya pili. Madam alinusa ugali, akaugeuzia mgongo. Imefaulu! Nimemwambia Asiya asituwekee makombo tena. Akauliza kama mgeni amesafiri. Nikasema amefunga. Alicheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 22 Julai
Mbavu za Madam zinaonekana. Bochaberi anampondea viazi vitamu na kumlisha kwa mkono, akimwongelesha kama mtoto mwenye surua. Anadhani ni minyoo. Nilisimama mlangoni, nikakubali kwamba huenda ni minyoo. Zablon akachungulia juu ya ua: "Baba Kemuma, huyo ni nguruwe au mbwa wa polisi?"

Ijumaa, 29 Agosti
Njaa imerudi! Chanjo imeisha nguvu. Madam amemaliza viazi, maganda, na sasa anatafuna mbao za banda. Nilikimbia na ndoo kwa Asiya. Akanieleza kwa upole kwamba makombo ni ya Zablon tangu Julai, na neno alilotoa hawezi kulirudisha.
Nilimwambia Bochaberi yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini nilinyamaza siku zile alipokuwa akiponda viazi. Afadhali angepiga kelele.

Jumatatu, 1 Septemba
Wenzake Kemuma wameondoka asubuhi kwenda Homa Bay. Yeye alikunja sare yake nyeupe, akairudisha sandukuni, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Bochaberi amempeleka Madam kwa Zablon amnenepeshe, wagawane watakachopata. Labda Kemuma atarudi chuo Januari. Labda. Banda letu liko kimya, na kila nikipita najikuta nikichungulia ndani.
Nimejuta kutwa. Nimejuta kwa dhati. Jioni nikaketi kupitia makosa yangu kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na nimelipata lile kubwa. Chanjo haikuwa na kasoro. Kosa ni kujaribu kwa nguruwe mmoja. Mmoja haonyeshi kitu! Zablon ana banda zima.
Nimempigia Wangwe. Akiona namba yangu hapokei. Kesho nitatumia simu ya Bochaberi.