Sufuria Sita za Maji ya Moto

Jumatatu, 21 Oktoba 2024
Evod kapiga simu. Mwanangu wa kwanza huyo. Eti Jumapili analeta mtu wa kununua shamba langu la Michenga, mimi nikaishi kwake Morogoro, nikae kwenye kochi. Kochi! Baba yake amelala kwenye kona ya shamba lile, nimwache na nani? Nikamwambia ale, amekonda mpaka sauti.

Jioni nikampa chakula Anselim, mtaalamu wa miamba aliyepanga chumba changu cha uani. Wali na kambale. Nikamwuliza dhahabu inatoka wapi. Akasema ardhi ni vipande vikubwa, vinasukumana na kuachana polepole kama kucha inavyoota. Ndivyo milima ya Udzungwa ilivyobaki juu, bonde letu likashuka. Chini kabisa kuna maji ya moto, yana chumvi, yamebeba dhahabu iliyoyeyuka. Tetemeko likipasua mwamba, maji yanapanda kwenye ufa. Yakipata nafasi, nguvu zinayaishia, yanatua mzigo. Dhahabu inabaki hapo pamoja na jiwe jeupe.

Shamba langu lina nyufa za kuingia mkono mzima! Na shamba la dhahabu, Evod atathubutu kuliuza?

Jumanne, 22 Oktoba
Nyufa ninazo. Kinachokosekana ni maji ya moto. Nimechemsha sufuria sita palepale kwenye jaruba la mpunga, chumvi nikatia, nikamimina. Ufa umekunywa zote kama mlevi.

Balbina kapita na jembe lake. Jirani, na mpinzani wangu tangu kipaimara. Kauliza, "Mama Evod, unawapikia panya?" Nikasema namwogesha marehemu miguu. Kacheka mpaka kakaa chini. Sasa kisima kizima kinajua.

Alhamisi, 24 Oktoba
Hakuna kitu! Udongo umevimba, ufa umejifumba. Nimeamua kuufuata. Nimechimba pembeni ya kaburi la baba Evod, ufa ulikoanzia. Urefu wa mtu, kina cha kifua. Tope jeusi tu.

Anselim kaja, kashika kichwa. Kasema, bibi, hizi nyufa ni udongo uliokauka kwa jua. Mwamba uko mbali chini, mto umeufunika kwa tope. Na tetemeko moja halitoshi. Yanatakiwa mengi mno, kila moja linaacha chembe. Nikamwuliza muda gani. Mamilioni ya miaka. Nikamwambia mimi ninao mpaka Jumapili.

Alipoondoka nikakaa ukingoni. Nikaziwaza hizo chembe. Miaka arobaini napiga jembe hapa, kila msimu naacha kidogo. Jasho. Meno mawili. Mume. Watoto sita wameshiba hapa. Mgongo ukaanza kuuma, nikaacha kuwaza.

Jumapili, 27 Oktoba
Baada ya misa wamefika, Evod na mnunuzi wake. Mnunuzi kaliona shimo kando ya msalaba, kavua kofia. Kauliza la nani.

Nikafungua mdomo niseme dhahabu. Evod kaangua kilio! Mwanaume mwenye kitambi! "Mama, umejichimbia mwenyewe?"

Nimemfuta makamasi kwa khanga yangu kama zamani.

Mnunuzi kasema yeye hanunui makaburi. Evod kasema basi, shamba haliuzwi nikiwa hai, na nikifa ndiyo kabisa. Nikamwambia aache upuuzi, wali unapoa. Anselim akanitazama sana mezani. Nikamwongezea kambale asipate nafasi ya kusema.

Jumatatu, 28 Oktoba
Evod kaniomba kitu kimoja tu: nilifukie shimo. Nimefukia nusu. Mvua inakaribia, mbegu bado ziko guniani.

Nilipokwenda kuazima chumvi kwa Balbina nimeona kitu. Anafunika mtungi kwa jiwe. Jeupe! Linang'aa! Eti mkwewe alimletea kutoka Mkula. Mwongo. Ufa wangu umeelekea kwake moja kwa moja, nimeupima kwa hatua.

Kesho asubuhi anakwenda jumuiya, shambani kwake hakuna mtu. Sufuria nimeshazisugua. Safari hii kumi.