Malalamiko Dhidi ya Birika la Chai la Mzee Abner

Manga,
Nyamira.
12 Juni 1973

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu mzima aliyeonewa. Mwezi Desemba nilikuletea barua, ukanijibu kwamba hapo ofisini hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko wangu. Sikukasirika. Hii nimeiandika polepole, na naomba uipe nafasi hata ikibidi uondoe bei za mahindi.

Nalalamikia kikundi cha watu walioacha pombe. Sikukitafuta kwa hiari yangu. Mke wangu Nyanchera alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake huko Kiogoro, akaacha neno kwamba hatapika tena katika nyumba ambayo mwenyewe huingia kwa magoti. Shemeji naye akaongeza kwamba nikakae kwanza na hao walioacha, ndipo tuzungumze. Basi nikaenda, na haya ndiyo yaliyonikuta.

1. Kikundi hakionekani. Penye pombe ya busaa hapahitaji kibao, hata mgeni hufuata nyimbo akafika. Hawa wamejificha. Nilisikia wako Masimba, nikafunga safari. Njiani niliulizia katika nyumba tatu, na katika zote wazee walikuwa wamezunguka chungu. Wewe ni mtu wa watu, unajua kwamba Mgusii aliyelelewa vizuri hakatai akikaribishwa kwenye chungu. Kwa hiyo lawama ya hali niliyofika nayo Masimba ni ya kikundi, kwa kukosa kibao. Huko nilimwuliza Gulled, mwenye duka, ambaye dini yake haimruhusu hata kunusa. Alinipa maji, akasema mtu asiyeanza hawezi kujua wanaoacha hukutana wapi, ila kuna mlokole mmoja wa Manga, Mzee Abner, ambaye hununua kwake sukari nyingi ya mkutano wa namna hiyo. Mhariri, Abner ni jirani yangu! Mkutano uko nyuma ya migomba yake, hatua mia moja kutoka kitandani pangu. Nyanchera anadai aliniambia mara nyingi. Hakuchagua saa nzuri ya kuniambia.

2. Kikao chenyewe ni udanganyifu. Wanakaa duara, kama tukaavyo sisi, lakini ukitazama katikati hapana chungu, pana birika la chai. Mikono haijui iende wapi. Tena kila mtu na kikombe chake, kama watu waliogombana. Na majani hayo ya chai nimeyachuma kwa mikono yangu miaka mitano, kwenye mvua, bila mtu kuniambia kwamba siku moja nitalazimishwa kuyanywa.

3. Maswali yao hayana adabu. Mtu husimama, akataja jina lake na kile alichopotezewa na pombe. Nilisimama nikasema ukweli: mimi sijapoteza kitu. Baiskeli yangu haikupotea, kila mtu anajua iko mtoni. Ng'ombe hakupotea, yuko kwa Nyasani mpika busaa. Mke hakupotea, yuko Kiogoro. Hapo sauti ilinikatika, kwa sababu ya moshi. Wakapiga makofi. Ni watu gani hawa wanaomshangilia mwenzao kwa kushindwa kusema?

4. Mrija. Hili ndilo kubwa. Abner ametunga sheria kwamba kila mwanachama alete mrija wake anaonywea, uchomwe mbele ya wote. Wangu niliachiwa na marehemu baba, na kichujio chake alikisuka mwenyewe. Kwetu mrija si kijiti. Ndiyo nafasi ya mtu kwenye chungu, na asiye nao husimama mlangoni na kuku. Nikaenda bondeni nikakata mwingine, nikaupaka masizi uonekane wa zamani, nikaupeleka. Ukachomwa. Nililia kwa ustadi mkubwa, hata Abner akalia, na papo hapo wakanichagua katibu. Dhuluma ndiyo hiyo! Kitabu cha mahudhurio kiko kwangu, nisipokwenda mkutano haufunguliwi. Jumatano saba sasa sijakosa. Wenzangu wa chungu wamekwisha kugawana nafasi yangu.

Kwa hiyo naomba gazeti lako lidai kikundi hiki kifungwe. Kama hakifungiki, kihamishiwe kwenye nyumba ya busaa, ili anayeacha na anayeendelea wasisumbuke kutafutana. Na kama hilo nalo ni gumu, basi sheria itungwe kwamba kila mlevi wa wilaya hii awe katibu wa kikundi chake, tuone nani atabaki wa kunywa.

Nisalimie wapiga chapa wote, anayewachemshia chai (pole yake), na hata yule aliyeshindwa kuisoma barua ya Desemba.

Ni mimi niliyedhulumiwa,

Onchiri Nyangau,
Katibu.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii tena. Usiichapishe. Mrija wa baba nimeuchoma jana asubuhi, peke yangu nyuma ya jiko, na safari hii sikulia kwa ustadi. Tafadhali itie bahasha moja na ile ya Desemba, uzitume zote mbili kwa Nyanchera, kwa kaka yake Machogu, Kiogoro. Mwambie asihangaike na maneno, ni upuuzi mtupu. Aangalie tu herufi za Desemba zilivyolala, na hizi zilivyosimama.