Kuhusu Nyota Tano Mlizoipa Santuri ya Marvell Tate

Memphis, Tennessee

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa muziki,

Mimi ni Odessa Tolliver, mke wa Lucius Tolliver, fundi bomba mstaafu. Nakuandikia kwa heshima na kwa hasira. Mhakiki wako ameipa nyota tano santuri ya onyesho la marehemu mwimbaji Marvell Tate katika ukumbi wa Palmetto, iliyotolewa upya. Amesifu kwamba sauti imesafishwa "hadi unasikia kila pumzi." Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu.

Marvell hana kosa. Akiimba polepole, hata jiwe linalainika. Lakini kwenye santuri ya zamani, kabla ya wimbo wa mwisho, kuna mtu anapaza sauti katikati ya makofi, na maneno hayashikiki. Lucius husema ni yeye, akimwambia Marvell, "Imba, kaka, usituache!" Kelele hiyo imemlisha maisha yake yote. Kinyozi humpa kiti cha kwanza. Kwenye pikniki ya kanisa, mbavu za kuchoma huanzia kwake.

Sasa imesafishwa. Malalamiko yangu:

1. Sauti ni ya mwanamke. Inasema wazi kabisa: "Lucius, kaa chini, unanizibia!"

2. Mwanamke huyo ni mimi. Jina la Lucius nililijua kwa sababu rafiki zake walikuwa wakimwita tangu mwanzo wa onyesho. Aligeuka anitukane, akaliona gauni langu la njano, tusi likampotea. Ndivyo tulivyojuana. Kila akisimulia hadithi yake, mimi huitikia kwa kichwa, na kwa kusimulia sana naye akaiamini. Mwenye haki ya kumuumbua mume wangu ni mimi, si mtambo wa mtu.

3. Akiingia tu kwa kinyozi, wanaume wote huitikia kama kwaya: "Lucius, kaa chini!" Bwana Purvis, kinyozi mwenyewe, hucheka hadi mkasi unamtoka. Lucius amesusa kunyolewa. Ndevu zake zinanichoma, na mhakiki wako hakuligusia hilo.

4. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Mchungaji, mtu wa Mungu, neno likamponyoka: "Ndugu Lucius, kaa chini, unaizibia kwaya." Mama wa kanisa wakaangua kicheko hadi kofia zikapinda. Tangu hapo mume wangu hakai popote. Anakula amesimama. Anatazama mpira amesimama, kama mlinzi wa benki.

Kwa hiyo naomba uondoe nyota zote tano, mikwaruzo irudishwe ilipokuwa, na kila aliyekwisha kununua apelekewe pamba ya masikio kwa gharama yenu.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa, na huyo mhakiki, ingawa masikio yake yamepita kiasi cha adabu.

Ni mimi, niliyeishiwa subira,
Odessa Tolliver (Bi.)

N.B. Kabla sijabandika stempu, Lucius ameingia, amenyolewa. Anasema binti mmoja wa chuo alimkuta kwa kinyozi, akamwomba atie sahihi kwenye jalada, kisha akamuuliza yule mwanamke ni nani. Lucius akajibu, "Ni mke wangu, binti. Na nilikaa."

Sasa ameketi jikoni, anairudia santuri, ananitazama kama mwenda wazimu. Puuza yote hapo juu. Ongeza nyota ya sita, na umwambie fundi aliyeisafisha santuri anipandishe sauti kidogo. Tarumbeta ya pili inanifunika.