Odongo Muuza Kona

Siku wazungu wawili walipoingia Lodwar kwa baiskeli, mji mzima ulitazama baiskeli. Kizito Odongo peke yake ndiye aliyetazama mji.

Wageni wale walikuwa wamewiva kwa jua. Walikaa kwenye hoteli ya Maryanne, wakanywa maji chupa baada ya chupa, kisha wakatoka kupiga picha mto Kawalase, ambao siku hiyo, kama siku nyingi, haukuwa na maji hata ya kulowesha ulimi. Wakapanda tena baiskeli zao wakaelekea Kakuma, wakicheka.

"Hawa wanafuata nini huko?" aliuliza Maryanne, mama wa Kakamega aliyekuja Lodwar kuuza chapati na hakurudi tena kwao.

"Mandhari," alijibu Odongo.

"Mandhari gani? Mchanga?"

"Mama, kwao hakuna mchanga. Ni nyasi tu mpaka zinawachosha macho." Akasogeza kiti, akapunguza sauti. "Hawa wawili wametumwa. Nyuma yao kuna klabu nzima ya baiskeli. Wanatafuta njia."

Odongo hakuwa amezungumza na wazungu wale hata neno moja. Habari zao alizijua kama alivyozijua mbwa aliyewabwekea. Lakini huo ulikuwa mwaka wa 2012, mafuta yalikuwa yametangazwa Turkana, na kila mtu aliamini kwamba mgeni yeyote anayepita amebeba baraka kwenye begi lake. Katika mwaka kama huo mwongo hahitaji kusema mengi. Watu humsaidia.

Odongo akanunua karatasi ya manila na kalamu nene, akachora Njia ya Baiskeli ya Mandhari, kutoka Lodwar hadi Kakuma. Hakukusudia kuiuza barabara. Barabara ni ya serikali, na anayeuza mali ya serikali bila kuwa ndani ya serikali hufungwa. Alichouza Odongo ni kona. Njia ingeweza kunyooka na lami, wazungu wakakupita bila kukutupia jicho. Au, kwa mbuzi mmoja tu, ingeweza kupinda, ikaingia kwako, ikakuletea wazungu wenye kiu hadi mlangoni.

Mbuzi, si pesa. "Pesa huacha alama kwenye simu," alijiambia. "Mbuzi huacha mavi tu."

Maryanne alinunua kona ya kwanza. Muuza mkaa wa Kanamkemer akanunua ya pili ili kumkomoa Maryanne. Njia iliyoanza ikiwa imenyooka kama mkuki ikawa, kadiri siku zilivyopita, kama utumbo wa ng'ombe. Kulikuwa na kona ya kichuguu kirefu, kona ya kisima kibovu, na kona ya kutazama kona nyingine. Na kwa kuwa Odongo hakuwa na zizi, aliwaambia wote, "Nitunzie mbuzi wangu hapo kwako, nitampitia." Mpango wake ulikuwa rahisi. Lori moja lililopeleka mahindi Kakuma lingekuwa linarudi Kitale tupu. Angelipanda, akusanye mbuzi wake kona baada ya kona, na Lodwar isimwone tena.

Aliyemtatiza ni Ekwam, mfugaji mwenye kiduka cha sukari na tumbaku katikati ya safari. Ekwam aliitazama ile manila kwa muda mrefu.

"Ejok," alisalimu kwa Kiturkana. "Sasa hii mstari inapita kwangu?"

"Inapita kwako, mzee."

"Nani amepita?"

"Itapitwa. Bado ni mpya."

"Kwetu njia ni mahali mtu amepita," alisema Ekwam. "Hii ni mahali kalamu imepita. Wewe pita kwanza na baiskeli, kona yote, watu waone. Halafu utachukua mbuzi yako."

Odongo alicheka, akiamini ni mzaha. Lakini maneno yale yalifika Lodwar kabla yake, na alipofika watu walikuwa tayari wanamwuliza siku ya ufunguzi. Alipopiga simu Kakuma, kwa Nyabol, mama wa Sudan Kusini mwenye hoteli ndogo kwenye kambi ya wakimbizi, aliyenunua kona ya mwisho, jibu likawa lile lile.

"Ndugu, Ekwam ndiye ananiuziaga mbuzi. Akisema upite, pita tu. Ama miguu yako iko na shida?"

Basi Odongo akaazima baiskeli nzito nyeusi ya katekista wa Kanamkemer, akasimama mbele ya hoteli ya Maryanne asubuhi ya Alhamisi, akaombewa. Alikuwa hajaendesha baiskeli tangu darasa la saba.

"Usiende na tumbo tupu," Maryanne akamwambia, akaweka sinia mezani. Nyama ilikuwa inatoa moshi.

"Mama, umejisumbua! Mbuzi mzima?"

"Nisumbuke na nini? Ni yule wako."

Odongo alitafuna polepole. Mbuzi mmoja si kitu, alijifariji, na majirani walipomaliza sinia akapanda baiskeli.

Kwa muuza mkaa alikuta moto umewashwa. Kwenye kichuguu alikuta wazee wamekaa kivulini wakinoa visu, nao walimpokea kwa furaha ambayo hakuipenda. Kila mahali alipopinda, mbuzi wake alikuwa ama kwenye sufuria ama kwenye makaa, na kijiji kizima kimekuja kumsaidia kumla. Kila mahali alipewa heshima ya kuomba kabla ya kula, na kila mahali sala yake ilikuwa fupi kuliko ya nyuma.

Wahubiri hutuonya kwamba mtu huvuna alichopanda. Sijamsikia hata mmoja akionya kwamba anaweza kukivuna kikiwa kimechemshwa.

Miiba ya mathenge ilitoboa tairi, akaziba, ikatoboa tena. Njia iliyopita kwenye manila kwa inchi chache ilikuwa mchanga wa laga, mto uliokauka, unaomeza gurudumu mpaka katikati. Alizilaani kona zake moja moja, akiita kila moja kwa jina alilolibuni mwenyewe. Laiti angekuwa amewadanganya watu wachache zaidi! Alilala njiani, akaendelea. Alipomfikia Ekwam, tumbo lilikuwa mbele yake na makalio hakuyasikia.

"Mzee, nakuomba," alisema kabla hata ya kushuka. "Usichinje yako. Nimeshiba."

"Si yangu. Ni yako."

"Basi mimi mwenyewe nakataa."

Ekwam akawageukia watu wake. "Mnasikia? Anakataa nyama yake nyumbani kwangu. Pengine hata njia si yake. Pengine niite chifu atusaidie kuelewa?"

"Leteni sahani," alisema Odongo.

Jumamosi jioni alivuka mto Tarach akiwa anaisukuma baiskeli. Akiwa kwenye mchanga alikumbuka kwamba amebaki mbuzi mmoja duniani, mbuzi wa Nyabol, na hapo ndipo akili yake ya zamani ilipomrudia. Alipoingia hotelini kwa Nyabol na kumwona mbuzi amefungwa mlangoni, mzima, anatafuna boksi, hakungoja salamu.

"Mama Nyabol, usiwashe moto. Nimefunga. Ni nadhiri, sionji nyama mpaka nifike kwetu."

"Aa, malesh, samahani ndugu, kumbe wewe ni mtu wa Mungu hivi!" Nyabol alishika mikono yake kwa upole. "Hatuchinji. Mtu aliyefunga, mbuzi yake haichinjwi."

Odongo alilala usingizi mtamu, wa mwisho katika safari hiyo.

Asubuhi mbuzi hakuwepo mlangoni. Odongo alimkuta kanisani, mbele ya madhabahu, na shada la karatasi shingoni.

"Sadaka ya ndugu yetu mfungaji!" Nyabol aliwatangazia waumini. "Itaenda kwa mnada. Pesa ni ya kuezeka kanisa. Nani anaanza?"

"Elfu mbili," alisema Puok, mwenye duka la simu, kutoka nyuma.

"Elfu mbili na mia tano!" Odongo alisikia mtu akisema, kisha akagundua ni yeye.

"Elfu tatu," Puok akasema, bila kuinua macho kwenye kitabu cha nyimbo.

"Na mia tano!"

"Elfu nne."

Odongo akamzidi; alitoa nauli, akatoa akiba ya malipo ya awali ya dereva wa lori, akatoa noti aliyoificha ndani ya soksi. Puok akafunga kitabu cha nyimbo. Waumini walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na Odongo akapewa kamba ya mbuzi wake pamoja na baraka ndefu.

Nje, Nyabol alimletea maji ya kunywa.

"Mlijua," Odongo alisema. "Tangu lini?"

"Tangu ile kona ya kutazama kona. Ekwam alinipigia, tukacheka mpaka simu ikaisha chaji. Yeye alitaka kukupeleka polisi. Mimi nikasema, apana. Polisi watakula mbuzi na sisi tutaandika maelezo. Afadhali tukule sisi."

"Na Puok?"

"Puok ni shemeji yangu. Na ndugu, ukweli ni ukweli, umeendesha vizuri. Sasa iko njia."

Dereva wa lori, alipoona mbuzi mmoja na abiria asiye na nauli, aliwasha injini akaenda zake. Kwa hiyo Odongo alimfunga mbuzi kwenye keria ya baiskeli ya katekista, akaanza kurudi Lodwar kwa njia pekee aliyoijua, na mbele yake kona zote zilikuwa zinamngoja.

Kwenye ya kwanza, bibi mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akatia kiganja juu ya macho. Akamwona mbuzi kwanza, kisha Odongo.

"Mama Akai!" alimwita jirani yake, akiinuka na kutafuta sufuria. "Yule wa baiskeli amerudi! Na safari hii amebeba mwenyewe!"