Vita vya Mashati Manne ya Parangtritis

Enyi mlioketi mbali, sogeeni. Na mwenye tonge kinywani alimeze kwanza, maana habari hii haimfai mtu wa kupaliwa. Nawasimulia safari ya Rumiyati wa Sauti Ndogo, mwosha sahani wa kibanda cha samaki wa kuchoma pwani ya Parangtritis, aliyetumwa peke yake katika soko la Beringharjo kuwaletea sare watu wanne.

Aliyemtuma ni Bu Sukesi, yaani Mama Sukesi, mwenye kibanda. "Rangi yoyote," alimwambia, "ila kijani usilete. Unamjua Mbah."

Nani asiyemjua? Mbah Painten, bibi wa miaka sabini na miwili, Mponda Pilipili, ambaye bila yeye samaki wa pale ni samaki tu. Kijani ni rangi ya Malkia wa Bahari ya Kusini, na anayeivaa ufukweni kwake huchukuliwa na mawimbi. Mbah aliapa kwamba siku kijani kitakapoingia jikoni, atabeba kinu chake cha jiwe aende zake. Na kinu kikiondoka, kibanda kimekwisha, na kazi ya Rumiyati imekwisha nacho.

Basi shujaa akaingia sokoni kama aingiaye kati ya majeshi. Wauzaji saba walimkabili, na wote saba wakashindwa, si kwa uhaba wa nguo bali kwa tumbo la Mas Jumadi, mchoma samaki, ambalo halikuwahi kuzungukwa na shati linalofanana na la wenzake. Muuzaji wa nane akatandaza mashati manne, na la nne lilikuwa pana kama shuka.

"Rangi gani hii, Bu?" aliuliza Rumiyati, kwa sauti ambayo hata kola haikuisikia.

"Toska."

"Toska ni buluu au kijani?"

"Mwanangu, toska ni toska. Mimi nauza nguo, siuzi majibu. Na ikishatoka hapa hairudi."

Chini ya taa za soko yalikuwa buluu. Akanunua.

Lakini jua la pwani ni jua jingine. Mas Jumadi alikuwa wa kwanza kuvaa, akajizungusha kama jemadari anayekagua jeshi la mtu mmoja. "Limefunga mpaka kifungo cha mwisho," akasema. "Hata liwe la kijani, nizikeni nalo."

"Kwa hiyo ni la kijani," akasema Mbah, na mchi ukatua.

Akachukua shati lake, akalilaza juu ya ndoo ya buluu ya kuoshea vyombo. Ole wao! Juu ya ndoo ile, shati lilikuwa kijani kama mwani. Mbah akaanza kufunga kinu chake katika kitambaa.

Ndipo Rumiyati akachomoa jani la mgomba la kupangia samaki, akalitandika mezani na kulilaza shati juu yake, akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Mbah, mimi si msemaji, na nikimaliza nitarudi kwenye sahani zangu. Lakini kijani ni rangi ya jani, na jani hili hapa. Kama shati hili ni kijani, hili jani tuliiteje? Malkia anaishi ndani ya buluu, Mbah. Haangalii ndoo yetu."

Bahari yenyewe ilinyamaza, au basi Mas Jumadi aliacha kutafuna. Mbah akainama, akatazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Buluu," akasema. "Buluu ya kubahatisha, lakini buluu. Ila ile ndoo itoke."

Hivyo ndoo ikapelekwa uhamishoni, kwenye banda la kuku la Bu Sukesi, ikibebwa na Mas Jumadi kwa mwendo wa maziko. Na tangu siku ile hakuna ndoo ya buluu iliyokanyaga himaya hiyo. Rumiyati akarudi kwenye sahani zake, na ndoo nyekundu. Mbah alipopita akasimama, akamfunga kifungo cha juu cha shati jipya alichokuwa amekisahau, akaenda kuponda pilipili. Wapo wafalme walioteka miji na hawakufungwa kifungo na mtu.