Nanga ya Mjerumani, 1914

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Ghala la zamani la bandari limekwisha kupakwa chokaa. Jumamosi linafunguliwa kuwa makumbusho ya meli za ziwani. Bi Raudha, mkuu wetu hapa makumbusho, katangaza: atakayeleta kitu cha kale kizuri zaidi ndiye mwongozaji mkuu wa wageni, na atavikwa kofia ya nahodha. Tunagombea wawili, mimi na Mwahija. Yeye kaleta karabai ya babu yake ya kuvulia dagaa. Karabai! Nilimhurumia.

Jumatano, 13
Nimerudi kutoka Didia kumjulia hali Mjomba Ngusa. Alikuwa msibani. Nimekuja na plau lake kwenye gunia. Mikono yake ya kushikia nimeifungua, nimeiacha zizini. Si wizi, ni kuazima bila kusumbua mtu.

Alhamisi, 14
Nimelipaka tope la ziwani na magamba ya sato. Nikaandika kibao: Nanga ya Mjerumani, 1914. Bi Raudha alinusa, akakubali. Mwahija akauliza mbona nanga ina bolti ya pikipiki. Nikamjibu Wajerumani walikuwa mbele sana. Wivu tu!
Mchana Mjomba akapiga simu. Mvua imeanza na wezi wamemwibia plau, wamemwachia mikono. Niliwalaani wezi dakika nzima. Kumfariji, nikamkaribisha aje anione nikivikwa kofia.

Jumamosi, 16
Mjomba kafika na mikono ya plau begani. Alisema akitoka hapa atapitia Kahama kutafuta plau la kuitosha. Nikampa shikamoo, nikamwelekeza kwenye picha za meli. Hakuelekezeka. Alisimama mbele ya nanga, akainama, akachomeka mikono. Ikaingia sawasawa. Wageni, wakulima watupu, wakapiga makofi.
Mjomba akasema kwa upole: "Ndaki, hii nanga ina ekari tano zinaisubiri. Na wewe pia."
Kofia kavikwa Mwahija. Haijamkaa vizuri.

Jumatatu, 18. Didia
Ekari ya kwanza. Mgongo umekufa. Aibu nayo haijapoa, nikikumbuka yale makofi natamani ardhi inimeze. Nimemwapia Mjomba kwamba ujanja basi.
Ng'ombe wamepumzika. Nimeiangalia nira yao kwa upande. Mti mgumu, mkongwe, umesuguliwa vizuri. Ukipakwa lami kidogo, ni mkono wa usukani wa meli ya Mwingereza. Tuseme 1922.
Mjomba atakwenda mnadani Alhamisi.